Changudoa: Asili ya Jina na Mageuzi ya Maana

Wako wadhanio kwamba neno changudoa lilizuliwa mjini ili kutukana. Sivyo. Wavuvi wa pwani humwita hivyo samaki mmoja wa jamii ya changu, ambaye wataalamu wa viumbe humwita Lethrinus harak, naye hutambulikana kwa doa kubwa jeusi ubavuni. Jina la mvuvi halina lawama. Lamtenga tu changu huyu na wenziwe.

Kufikia miaka ya 1990, mjini Dar es Salaam, jina hilo lilikwisha kuwa la mwanamke auzaye mwili wake. Daraja la istiari hiyo ni neno doa lenyewe, kwa kuwa doa si alama ya nguo tu, bali ni aibu pia: husemwa kwamba fulani ameutia doa ukoo wake. Mvuvi alitazama ubavu wa samaki. Mtaa ukatazama sifa ya mtu.

Sarufi nayo yashuhudia. Samaki ni changudoa, awe mmoja au wengi; wanawake huitwa machangudoa. Kiambishi ma- peke yake si tusi, kwani husemwa pia madaktari. Walakini chaonyesha kwamba neno limeacha ngeli yake ya kwanza. Kisha jina likakatwa, ikawa machangu. Hapo pana ajabu: doa, lililobeba tusi, limeondoka, na tusi limebaki.

Kwa hiyo haifai mtunga kamusi kuandika "malaya" akatosheka. Kahaba, neno la asili ya Kiarabu, hufaa katika maandiko ya dini. Changudoa hudharau kwa mzaha. Dada poa, lililozuka baadaye, hulainisha kwa jina la udugu. Kamusi isiyotenga matumizi hayo humfanya mwanafunzi, au mwandishi wa gazeti, atukane pasipo kujua.

Tena kuna upande wa pili. Mwanamume atumiaye fedha zake kwa wanawake huitwa buzi, naye husemwa kuwa "huchunwa". Jina hilo lamcheka kwa ujinga wake, halimtii doa. Kamusi itakayoyaeleza maneno haya mawili na ieleze na tofauti hiyo, maana ndiyo idhihirishayo jamii imeiweka aibu upande gani.