Dale bila putre: tuliiga sura, tukaacha hesabu

Wandugu, leo nataka kukosoa plani moja ya nyumba, na ndani yake nitajikosoa mimi mwenyewe pia.

Papa mdogo anajenga Kasha, kule juu Bagira, kwenye mteremko. Aliniletea plani niiangalie. Nguzo za sentimita 20 kwa 20, mita 5 kati ya nguzo na nguzo, dale ya sentimita 20, putre hakuna hata moja. Nikamuuliza: "Papa, putre ziko wapi?" Akacheka. "Enjenia, hiyo ni mambo ya zamani. Putre inakula simenti na mbao ya bure. Sasa watu banataka plafo safi, hakuna kitu inatokea chini."

Hakukosea yote. Kofraji ya dale bila putre ni tambarare, mafundi wanaimaliza haraka. Kimo cha etaji kinapungua, na kuta za ndani unazipanga unapotaka. Wala si jambo la jana: C.A.P. Turner aliijenga Minneapolis, Marekani, mwaka 1906, na Robert Maillart akajenga ghala la namna hiyo Zürich, Uswisi, mwaka 1910. Lakini angalieni picha za nguzo zao: vichwa vinafunguka juu kama uyoga. Haikuwa urembo. Walijua kwamba ukiondoa putre, kazi yake inahamia pale nguzo inapokutana na dale. Sisi tumechukua dale, uyoga tukauacha.

Twende kwa hesabu, ileile ya BAEL tuliyosoma. Dale ya sentimita 20 ina uzito wa kilonyutoni 5 kwa kila mita mraba. Ongeza 2 za sakafu na kuta nyepesi, na 2 za watu na vyombo. Ukizidisha uzito wa kudumu kwa 1,35 na ule wa watu kwa 1,5, unapata 12,45. Nguzo ya katikati inabeba mita mraba 25, yaani kilonyutoni 311 kwa etaji moja.

Sasa tuangalie kutoboa: nguzo kupenya dale sawa vile kalamu inatoboa karatoni. Mzunguko unaohesabiwa kuizunguka nguzo ni mara 4 ya sentimita 40, sawa na mita 1,6. Kwa betoni ya megapaskali 25, bila vyuma vya kuzuia kutoboa, mpaka ni kilonyutoni 240. Mzigo ni 311! Na betoni inayochanganywa kwa koleo, maji yakipimwa kwa jicho, ikishuka hadi 20, mpaka unakuwa 192.

Ubaya wa kutoboa ni kwamba hakupigi hodi. Putre iliyopangwa vizuri ikizidiwa, inapinda na kuonyesha nyufa, unapata muda wa kutoa watoto. Kutoboa kunakuja ghafula, na mzigo unahamia kwa nguzo jirani. Duka la Sampoong, mjini Seoul, Korea ya Kusini, lilikuwa la dale bila putre. Nguzo zilipunguzwa unene, etaji ya 5 ikaongezwa, mashine nzito za kupoza hewa zikawekwa juu. Tarehe 29/6/1995 likaanguka, watu 502 wakafa. Hilo neno "tuongeze etaji moja", kwetu Kasha tunalijua.

Tena sisi tunakaa kwenye Bonde la Ufa. Jumapili ya tarehe 3/2/2008 ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5,9, na Bukavu ikaumia. Nyumba ikiyumba, inazidi kukaza na kupindua palepale dale inapoikalia nguzo. Njo maana Eurokodi 8 inasema wazi kwamba kanuni zake za betoni hazitoshi kwa jengo linalotegemea dale bila putre kupambana na tetemeko.

Kosa si la papa mdogo. Ni letu sisi wenye diploma. Shuleni tunachora momenti vizuri, tunapata alama, halafu kutoboa kunakuwa mstari mmoja mwishoni: "OK". Na mimi niliandika hiyo "OK" bila kuhesabu, kwenye kazi yangu ya mwisho wa masomo. Hakuna aliyeniuliza.

Sisemi mtu asijenge hivyo. Anayetaka plafo safi alipe bei yake: unene zaidi kwenye kichwa cha nguzo, vyuma vya chini vinavyopita juu ya nguzo bila kukatika, kuta za betoni za kushika tetemeko, na betoni iliyopimwa. Kwa mfuko wa papa mdogo, putre ni nafuu.

Nilikaa naye na karatasi, nikamwonyesha 311 na 240. Hakufurahi. "Nilikusomesha ili unipandishie bei?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia tu kwamba chini ya dale ile watalala watoto wake. Juzi amenunua mbao za kofraji ya putre. Bado amenuna.

Wewe uliye na plani ya mtu mkononi wiki hii, tafadhali: hesabu ule mzunguko kwanza, kisha njo uandike "OK".