Malale Ilivyosakwa Vijijini Congo

Mtu mwenye malale ya aina ya gambiense anaweza kukaa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o miezi mingi, hata miaka, akilima na kwenda sokoni kama kawaida. Anapoanza kusinzia mchana na kuchanganyikiwa, ubongo umeshavamiwa. Ndiyo maana timu za upimaji za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hazikumsubiri zahanati, zilimfuata kijijini.

Kazi ilianza na kadi ya kupimia damu iitwayo CATT, iliyobuniwa Antwerp mwaka 1978. Tone la damu huchanganywa na vimelea vilivyokaushwa na kutiwa rangi ya buluu, kisha kadi huzungushwa dakika 5. Buluu ikigandana chembechembe, mhusika hupelekwa vipimo vya pili. Chupa moja ilitosha watu 50, na ikishafunguliwa ilipaswa kuisha siku hiyo. Iliifaa timu inayopima kijiji kizima, si zahanati iliyopata mgonjwa mmoja. Pengo hilo lilizibwa miaka ya 2010, vilipokuja vipimo vya haraka vya mtu mmoja mmoja.

Lakini kadi hukosea. Tuseme katika watu 10,000 wagonjwa ni 10, na kadi inawasingizia wazima 3 katika kila 100: wazima karibu 300 wataitwa wagonjwa. Dawa ya zamani, melasoproli, yenye aseniki ndani yake, iliua takribani 5 katika kila 100 waliotibiwa. Nani angethubutu kumchoma mzima dawa hiyo? Kwa hiyo mpimaji alipapasa shingo, akachoma tezi iliyovimba na kutazama majimaji yake kwa hadubini palepale, akitafuta kimelea kingali hai, kikijinyonganyonga kati ya seli. Asipokiona, damu ilizungushwa kwenye mashine ili vimelea vikusanyike, ikatazamwa upya.

Aliyethibitishwa alichomwa sindano ya mgongo. Seli nyeupe zikizidi 5 kwa mikrolita, ubongo ulihesabiwa umeguswa. Naamini sindano hii ndiyo iliyougharimu mpango kuliko kitu kingine: aliyeiogopa hakujitokeza hata kuchomwa kidole. Vidonge vya feksinidazoli, vilivyoidhinishwa 2018 na kumezwa siku 10, hutibu hatua zote mbili, kabla na baada ya ubongo kuguswa, hivyo sindano imebaki hasa kwa wenye dalili kali. Wagonjwa walioripotiwa barani Afrika walikuwa karibu 40,000 mwaka 1998. Mwaka 2018 hawakufika 1,000.

Tanzania haiwezi kuiga mpango huu ulivyo. Malale yetu ni ya aina ya rhodesiense, hukimbia kwa kasi zaidi, hujificha kwa ng'ombe na wanyamapori, na kadi ya CATT haiioni. Kwetu kazi ni ya hadubini, na ya mhudumu anayekumbuka kumuuliza mwenye homa kama aliumwa na mbung'o porini.