Ngozi ya Perege na Majeraha ya Moto: Uhakiki wa Hoja ya Malighafi ya Ziwa Nyasa

Tangu madaktari wa Fortaleza, Brazili, walipoanza kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya perege katika muongo wa 2010, imekuwa rahisi kuhitimisha kwamba penye perege pana tiba. Mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, unaonekana kukidhi sharti hilo: samaki wapo, na watoto wanaoungua penye mafiga wapo pia. Uhakiki huu unadai kuwa hitimisho hilo ni la haraka, kwa kuwa linamchukua samaki na kuziacha hatua zilizoifanya ngozi yake kuwa kifaa tiba.

Msingi wa kisayansi wenyewe una uzito. Ngozi ya perege ina kolajeni ya aina ya kwanza kwa wingi, na kolajeni ya samaki wa maji ya joto huhimili joto la mwili wa binadamu kuliko ile ya samaki wa maji baridi. Jaribio la Brazili lililochapishwa mwaka 2020, lenye washiriki 62, liliilinganisha ngozi hiyo na krimu ya silva salfadiazini na kuripoti kwamba baadhi ya makundi yalipona kwa siku chache zaidi. Hata hivyo, kipimo hicho cha ulinganisho ni dhaifu, kwani mapitio ya tafiti yameihusisha krimu hiyo na kuchelewa kupona. Kuishinda krimu si kuzishinda bandeji zote za kisasa.

Hoja kwamba ngozi ni taka nayo haihamishiki. Katika jimbo la Ceará, perege hufugwa na kukatwa minofu viwandani, ngozi ikabaki. Mwambaoni Nyasa, samaki hukaangwa au kukaushwa kwa moshi pamoja na ngozi yake, nayo huliwa. Anayeichukua ngozi hiyo anapunguza kitoweo. Aidha, perege wa Brazili ni Oreochromis niloticus, asiye wa asili ya Ziwa Nyasa. Kumfuga huko kungehatarisha perege wa asili wa ziwa hilo. Kuwatumia hao wa asili kunadai vipimo vipya vya ngozi yao.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye utakasaji. Ngozi ya Brazili husafishwa kwa kloheksidini, huhifadhiwa katika gliseroli, hupigwa mionzi ya gama, kisha hukaa kwenye jokofu. Hatua hizo ndizo zinazoitenga na ngozi mbichi, ambayo huweza kuingiza bakteria kwenye kidonda. Hata asali ya kutibu vidonda hospitalini hutakaswa kwa mionzi ya aina hiyo. Pendekezo la kuifanya kolajeni ibebe kiuavijasumu na kukiachilia polepole linaongeza sharti jingine: kupima kiasi cha dawa kinachotoka kila siku.

Utafiti unaofaa, basi, uanzie kwenye utakasaji, uhifadhi na usafirishaji. Kwa mgonjwa wa Liuli, au wa Litembo katika milima ya Mbinga, swali la msingi ni iwapo ngozi iliyotakaswa itamfikia ikiwa bado salama. Kabla ya swali hilo kujibiwa, kueneza habari ya tiba hii bila habari ya utakasaji wake ni kumwongezea hatari mtoto aliyekwisha kuungua.