Fundi Anayejua Kukata

Juzi niliisikiliza kwa mara ya kwanza Golden Hour, albamu ya mwimbaji wa kantri wa Marekani, Kacey Musgraves, tangu wimbo wa kwanza hadi wa 13 bila kugusa simu. Haifiki hata saa moja. Lakini siku hizi mtu akikwambia alikaa kitako kusikiliza albamu nzima, utadhani hana shughuli.

Musgraves ni mzaliwa wa 1988, amekulia Golden, kijiji cha mashariki mwa Texas. Kabla jina lake halijavuma alikuwa akiwatungia wengine. “Mama's Broken Heart”, ulioimbwa na Miranda Lambert, ni kazi ya mkono wake na wenzake wawili. Ndivyo mambo yalivyo Nashville, mji wa muziki wa kantri. Watunzi wawili watatu hujifungia chumbani mchana kutwa na magitaa yao, kama makarani kazini, wakibishana juu ya mstari mmoja. Usiku baadhi yao huenda Bluebird Cafe, ukumbi mdogo uliofunguliwa 1982, wakaketi kwa duara katikati ya watu na kuimba walichotunga. Hadhira huombwa inyamaze. Anayepiga soga hutulizwa, hata kama amelipa kiingilio.

Malezi ya namna hiyo yanasikika tangu mwanzo wa albamu. “Slow Burn” unafunguka kwa gitaa lisilo na haraka. Huduma za muziki mtandaoni kama Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifikisha sekunde 30, kwa hiyo watunzi wengi sasa wanarusha kiitikio mapema, wakihofia kidole cha msikilizaji. Musgraves hahofii. Anakuacha umsubiri, na unasubiri.

Lakini ufundi wenyewe niliukuta kwenye wimbo wa tano, “Mother”. Wa nne, “Oh, What a World”, umetoka kuishangaa dunia yote na maajabu yake. Sauti imepitishwa kwenye mashine mpaka inasikika si ya binadamu, kisha banjo ikaingia. Ukitoka kwenye upana huo, unatua ghafla mbele ya piano na sauti moja. Mtu mzima yuko mbali na kwao, amemkumbuka mama yake. Kisha anawaza kwamba huenda mama naye, huko aliko, amekaa vivyo hivyo akimkumbuka mama yake yeye. Basi, umekwisha. Haufiki dakika moja na nusu.

Niliurudia papo hapo, nikaanza kujiuliza mtunzi mwingine angefanya nini. Angeongeza ubeti wa bibi, pengine na kaburi lake. Angetia vinanda vya kuliza watu, na kiitikio cha kuimba na umati uwanjani. Musgraves mwenyewe amewahi kusimulia kwamba wimbo ulitokana na ujumbe wa simu aliotumiwa na mama yake, na yeye na wenzake, Daniel Tashian na Ian Fitchuk, wakauacha uwe mfupi kama ulivyokuja. Uamuzi huo ni mgumu kuliko kuongeza. Fundi cherehani mzuri ana mkasi mkali, na hapa mkasi umepita penyewe: vizazi vitatu vya wanawake vimesimama ndani ya maneno machache, na hakuna hata mmoja aliyeelezwa sura.

Kuhusu redio zilivyoupokea ufundi huo sina mengi ya kusema. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa vituo vya kantri Marekani aliwaambia wenye redio wasipige waimbaji wengi wa kike, kwamba wanawake ni kama nyanya tu kwenye saladi. Huyo hajala kachumbari. Golden Hour ilitoka Machi 2018, redio za kantri zikaipiga kidogo sana, na Februari 2019 ikatwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Kwetu Kenya kantri si mgeni. Jim Reeves alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini sauti yake imeendelea kukaa sebuleni kwa watu kama jamaa wa ukoo, pamoja na Dolly Parton na Kenny Rogers. Mjomba wangu, Nakuru, alikuwa na kanda zake kwenye kasha la mbao, na kila kanda ilikuwa na kikaratasi alichokisoma kama barua: nani katunga, nani kapiga gitaa. Ukipeleka kanda mbele kuutafuta wimbo unaoupenda, alikuwa akinyoosha mkono kuichukua redio yake. “Wewe, mwenye kazi amezipanga hivyo ana maana yake,” alikuwa akisema. Mjomba hakujua nota hata moja, ila alijua kwamba mpangilio nao ni kazi ya mtu.

Sasa kikaratasi hakipo. Jina la mtunzi limefichwa nyuma ya vidoti vitatu ambavyo hakuna anayevibonyeza, na wimbo wa tano unakuja baada ya wa 11, na katikati yake tangazo la mkopo. Mwaka 2021 ilibidi mwimbaji Adele awaombe Spotify waache kuzichanganya nyimbo za albamu zinapopigwa, nao wakakubali kukiondoa kitufe cha kuchanganya mahali pa mbele. Fikiria mpaka tumefika hapo, mwenye kazi kuombea kazi yake isikilizwe kwa namna alivyoipanga. Tunao muziki mwingi kuliko wa mjomba mara elfu, na hatuujui wimbo hata mmoja kama yeye alivyomjua Jim Reeves.

Ukiipata Golden Hour, zima kwanza kile kitufe cha kuchanganya. Anzia “Slow Burn”, umalizie “Rainbow”. Na watoto wakiuliza mbona wimbo wa tano umekatika, waambie haujakatika, umekwisha.