Alama Sita kwa Saba: Namna Liste Yetu ya Saa za Bei Kali Ilitupoteza



Kuko liste moja yenye inazunguka katikati yetu kila mwisho wa mwaka, wakati watu wanatafuta zawadi ao wanatayarisha mahari na wanataka saa nzuri ya kuweka ku mukono wa baba mukwe. Kichwa chake kinasema: alama saba za kujua kama Rolex ni ya kweli. Mimi mwenyewe niliituma mara mbili. Leo ninataka kuikosoa, juu niliitumikisha mbele ya mutu na imemupotezea feza.

Ndugu mumoja, tulimaliza naye masomo, alikuwa anadai dola 1 800 za mahindi. Mudeni wake hakukuwa na feza. Alitoa saa ku mukono akasema: hii bei yake inapita deni mara nne, chukua tuachane kwa amani. Ndugu yetu akaniita. «Weye unajua hizi mambo, angalia.» Nikafungua liste mu telefone, nikapima alama moja moja. Sita zilikubali, moja ilinipa mashaka kidogo. Nikahesabu kama profesa: sita kwa saba, ile ni grande distinction. Nikamuambia: chukua.

Juma mbili kisha, aliipeleka kwa fundi mumoja muzee juu ya kupunguza mukaba. Papa fundi akaomba ruhusa ya kufungua kifuniko cha nyuma. Ndani, mashini ilikuwa ndogo kuliko fasi yake, wameizungushia pete ya plastiki ili isicheze, na jina la Rolex halikukuwa fasi yoyote. Papa hakusema mambo mingi. Alituuliza tu: «Banangu, nani aliwaambia muangalie uso?»

Ile ulizo njo imenifanya nirudilie liste yote, alama kwa alama.

Ya kwanza inasema mushale wa sekonde unapaswa kutembea pole kama mafuta, hapana kuruka. Ni kweli kwamba mashini nyingi za Rolex za leo zinapiga mara 28 800 kwa saa, ni kusema hatua 8 ndogo kwa kila sekonde, na jicho linaona kama vile mushale unateleza. Lakini kuko mashini za bei ya chini zenye zinapiga vilevile 28 800, na wenye kufanyiza kopi wanazitia ndani. Na ku upande mungine, Rolex yenyewe ilifanyiza saa za pile, zenye ziliitwa Oysterquartz, kuanzia 1977. Mushale wake unaruka kila sekonde. Kwa hiyo liste inaweza kukubali ya uongo na kukataa ya kweli siku moja.

Ya pili ni uzito: saa ya kweli ni nzito. Chuma ni chuma, wandugu. Kopi ya chuma itakuwa nzito pia. Tena kuko saa za bei ya kutisha zenye hazina uzito. Ile RM 027 yenye Richard Mille alifanyizia Rafael Nadal mu 2010 ilikuwa na uzito wa chini ya grama 20, pamoja na mukaba wake. Ukiipima na hii liste, utaitupa.

Ya tatu: weka tone la maji juu ya kioo, kama tone linabaki muviringo ni safiri, kama linapanuka ni kioo cha kawaida. Lakini safiri ya saa inafanyizwa mu kiwanda, haitoke mu shimo la madini, na mufanyizaji wa kopi anaweza kuinunua. Na Rolex nyingi za zamani ziko na kioo cha plastiki ngumu. Hapa tena liste inakosa pande zote mbili.

Ya ine ni maneno «Swiss Made» chini ya namba 6. Yale maneno iko na maana ya sheria. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2017, Uswisi inaomba kwamba hata kidogo sana 60% ya gharama ya kufanyiza saa itokee kwao, mashini iwe ya Uswisi, na ukaguzi wa mwisho ufanyikie kule. Lakini ile sheria inafunga mutu mwenye kuheshimu sheria. Mwizi anaandika maneno mawili na wino, inaisha.

Ya tano: Rolex haina kifuniko cha nyuma cha kioo, ukiona mashini inaonekana ni ya uongo. Ilikuwa karibu kweli kwa miaka mingi. Mu 2023 Rolex ilitoa saa inaitwa 1908, na mugongo wake ni wa kioo. Liste haikubadilika. Inaendelea kutumwa na alama yenye imekwisha kuzeeka.

Ya sita ni ile taji ndogo sana yenye inachorwa ndani ya kioo chini ya namba 6, na numero ya seri ku pete ya ndani. Vile vitu vilianza mu miaka ya 2000, basi saa ya kweli ya 1995 haina. Na mwenye kopi nzuri anavichora. Anarudilia hata numero ileile ku saa nyingi.

Ya saba njo ile yenye ilinipa mashaka. Kilupe kidogo juu ya tarehe kinapaswa kukuza namba mara 2,5. Ku saa ya ndugu yetu, tarehe ilionekana kubwa kidogo tu. Niliiona. Nikasema pengine ni mwangaza, pengine ni macho yangu, kwani zile zingine sita ziko sawa.

Pale njo makosa yangu, na pale njo makosa ya liste pia. Liste inatufundisha kuhesabu alama kama pointi za egzame. Lakini alama za saa hazihesabiwe vile. Alama moja mbaya inaweza kuhukumu saa. Alama mia nzuri haziwezi kuiachilia, juu kila alama yenye inaandikwa mu liste, mufanyizaji wa kopi aliisoma mbele yetu. Yeye anasoma ile liste kama vile mwanafunzi anasoma maulizo yenye yalivuja. Sita zake hazikukuwa na maana yoyote. Ile moja ilikuwa na maana yote.

Mutu anaweza kusema: basi tunakosa tu elimu, watu wa kazi hawawezi kudanganywa. Muangalie ile jambo la Omega. Mu mwezi wa 11 wa 2021, kule Geneva, Phillips iliuzisha mu mnada Speedmaster moja ya miaka ya 1950 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mununuzi alikuwa Omega mwenyewe, kwa ajili ya muzeo yake. Mu mwezi wa 6 wa 2023, Omega ikatangaza kwamba ile saa ilikuwa imekusanywa na vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu watatu wenye walikuwa wafanyakazi wake walishiriki mu ile udanganyifu. Vipande vingi vilikuwa vya kweli. Saa yenyewe njo ilikuwa uongo. Kama mwenye kuzaa mutoto anaweza kumupoteza mu kundi, sisi na telefone yetu na tone la maji, tunatafuta nini?

Wenye tulisoma agronomia hatukupaswa hata kuhitaji ile mufano. Tunajua mufuko wa mbegu. Rangi ya mufuko, etiketi, uzi wa kushonea, vyote vinafanyizwa upya na mutu mwenye kujaza mahindi ya chakula ndani. Njo maana hatuhukumu mbegu kwa mufuko. Tunahesabu mbegu 100, tunaziweka mu mchanga wenye maji, kisha siku kadhaa tunahesabu zenye zimeota. Tena tunauliza: nani aliizalisha, ilipita mikono ya nani, iko na karatasi gani ya ukaguzi? Yale maulizo mawili, ndani kuko nini na ilipita wapi, njo yenye yanakosa mu ile liste. Saba zote zinaulizwa kwa uso wa saa. Hakuna hata moja yenye inaulizwa kwa mutu mwenye kuuzisha.

Kwa hiyo, mbele ya kununua ao kukubali saa kwa deni, ningeandika hivi. Uliza ilinunuliwa wapi, mwaka gani, na karatasi iko wapi. Sanduku na karti ya garanti pia vinafanyizwa kopi, usivitegemee peke yake, lakini hadithi yenye haina fasi wala mwaka, iache. Tafuta ile numero ya seri ku intaneti: kama inaonekana ku saa zingine, maneno imekwisha. Omba saa ifunguliwe na fundi mwenye wewe umechagua, mbele ya feza kubadilisha mukono. Mutu akisema «usifungue, itaingia maji», mujibu kwamba fundi anajua kufunga. Akiendelea kukataa, nenda nyumbani. Kisha andikeni karatasi: jina la saa, numero yake, bei, na maneno «kama si ya kweli ninarudisha feza», na sahihi yake pamoja na kopi ya karti yake ya mupiga kura. Mwenye saa ya kweli hawezi kupoteza kitu kwa kuandika ile. Na mwenye feza za kutosha anaweza kukwepa haya yote: tangu mwisho wa 2022 Rolex iko na programu ya saa za okazio zenye yenyewe imehakikisha, zinauzishwa mu maduka yenye ilikubali.

Kisha kununua, usingoje. Ndugu yetu alipoteza juma mbili akitembea nayo, na mu zile juma mbili mudeni alihama. Ifungulishe mu siku za kwanza, piga picha ya ndani, linganisha mashini na ile yenye modele yako inapaswa kuwa nayo. Usisubirie kuona kama inachelewa: kopi inaweza kuonyesha saa vizuri miezi mingi. Usiioge nayo kwa sababu imeandikwa metre 100, ile ni wino pia. Na mwenye kusafiri ajue kwamba kule Ufaransa, douane wanaweza kunyanganya kopi ku mukono wako na kukulipisha amende, hata kama wewe njo ulidanganywa.

Jambo la mwisho njo gumu. Ukijua ni ya uongo, utapenda kuipitishia mungine ili urudishe feza yako. Ndugu yetu alipewa ile shauri na watu zaidi ya mumoja. Alikataa. Saa iko mu droo kwake, inatembea muzuri kabisa. Lakini zile dola 1 800 zilikuwa za mbolea. Mvua ilipofika mwezi wa 11, alipanda nusu ya shamba, ile nusu ingine iko na majani.

Nilienda kumuomba musamaha. Alinijibu: «Kaka, haukuniuzishia.» Ni kweli, sikumuuzishia. Lakini nilimupa uhakika wenye sikukuwa nao, juu niliona aibu kusema mbele ya watu: sijui, tuifungue kwanza. Neno kama lile, lenye halina teknike yoyote, lingeokoa hekta ya mahindi.

Siombi tufute liste. Ninaomba tubadilishe kichwa chake. Iandikwe: alama saba zenye zinaweza kuonyesha kwamba saa ni ya uongo. Na chini, kwa mustari moja: kama haukupata hata moja, bado haujajua kitu, ipeleke kwa fundi.