Nukta Inayotembea

Mwalimu mmoja wa hisabati ninayemfahamu ana kompyuta mpakato iliyochakaa, projekta ya kuazima na ukuta mweupe. Ukutani kuna duara lenye kitovu O, na nukta mbili, A na B, kwenye mzingo wake. Pembe AOB inasomeka nyuzi 110. Nukta ya tatu, C, iko juu kabisa, na pembe ACB inasomeka 55.

"C nikiisogeza karibu na A, pembe yake itaongezeka au itapungua?" Kisha ananyamaza. Hagusi kipanya mpaka kila mwanafunzi awe ameandika jibu lake daftarini. Kwangu mimi, ukimya huo ndio ufundi wenyewe. Ukiisogeza nukta kabla mtoto hajakisia, umemwonyesha sinema tu.

Anaivuta polepole. C inatambaa juu ya tao, mstari mmoja unafupika, mwingine unarefuka, na namba imetulia palepale: 55, 55, 55. Waliokisia itapungua wanainuka vitini kuhakiki. Mwalimu hasemi kitu. Anaendelea kuivuta hadi C inavuka A na kuingia kwenye tao dogo la chini. Namba inaruka: 125. Darasa linaguna. Anasubiri tena, kwa muda ambao mimi nisingeuvumilia, mpaka binti wa dawati la nyuma anasema taratibu kwamba 55 na 125 ni 180. Ameshaigusa kanuni ya pembe zinazokabiliana za pembenne iliyo ndani ya duara, na ubaoni haijaandikwa bado.

Programu yenyewe ni GeoGebra, ambayo Markus Hohenwarter alianza kuitengeneza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Shuleni hutumika bure, na ukishaipakua inafanya kazi hata pasipo intaneti. Kwa shule zetu hilo si jambo dogo.

Ila kinachonivutia zaidi ni anachofanya baadaye: anazima projekta. "Tumeona kwamba iko hivyo. Sasa nani ataniambia kwa nini?" Mikebe inafunguliwa, bikari zinatoka. Wapo wanaoukodolea ukuta mtupu kana kwamba nukta itarudi. Binti wa dawati la nyuma anachora duara lake, anaunganisha O na C kwa rula, kisha anatia kistari kidogo kwenye OA, kingine kwenye OC, kingine kwenye OB. Zote ni nusu kipenyo. Anaziangalia pembetatu mbili alizopata, na penseli yake inaanza kwenda haraka.