Herufi 1,920

Volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku wa Mei 22, 2021, na siku zilizofuata matetemeko yakawa yanapasua kuta na barabara za mji wa Gisenyi, Rwanda. Mimi nilikuwa Kigali. Kompyuta yenye hesabu za nyumba moja ya wageni karibu na ziwa ilikuwa kule, katika chumba ambacho hakuna aliyethubutu kuingia. Hesabu zile zilitakiwa zitoke kabla umeme haujakatika.

Kwa mazoea nilianza na VNC, programu inayoonyesha skrini ya kompyuta ya mbali. Skrini ikawa inajichora vipande vipande, mshale unafika wakati mkono umeshapita zamani. Nikanakili folda, laini ikakatika, nikarudi mwanzo.

Piga hesabu. Skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta baiti tatu, ni zaidi ya megabaiti sita kwa picha moja. Kweli, programu hizi hubana picha na kutuma palipobadilika tu, lakini fungua dirisha moja kubwa uone pamebaki wapi pasipobadilika. Terminali ya kawaida ina mistari 24 ya herufi 80. Ukurasa mzima, basi, ni herufi 1,920: sawa na nukta za mstari mmoja tu wa ile picha.

Nikaingia kwenye terminali kwa SSH, ambayo Mfini Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995 kwa kuudhiwa na wezi wa nywila, wala si kwa ajili ya laini mbovu. Nikaita rsync, programu ya kunakili faili, pamoja na neno --partial. Bila neno hilo, faili lililofika nusu hufutwa uhamishaji ukikatika. Laini ilikatika tena na tena. Kila mara nilirudia amri ileile, nayo ikaendelea ilipoishia.

Sisemi dirisha la VNC ni la wavivu. Dirisha hukuonyesha diski inayojaa hata kama hukuuliza. Kwenye terminali sharti ujue kuuliza df -h. Tena terminali haina huruma. Wiki kadhaa baadaye niliandika kwenye kompyuta ileile kanuni ya ngome (firewall) iliyofunga kila mlango, ukiwemo wa 22, wa SSH, niliopitia mwenyewe. Kimya. Nikapanda basi Nyabugogo, kupitia Musanze, kilomita mia na hamsini hivi, kwenda kufuta mstari mmoja.

Siku hizi, kabla sijagusa ngome, napanga kanuni za zamani zijirudishe zenyewe baada ya dakika tano. Nikijikuta bado nimo ndani, nafuta mpango huo.